Andreas Grüntzig na Mshipa Uliozibuliwa

Makala haya yanasimulia maisha ya Andreas Grüntzig, daktari aliyewafunza wenzake kuzibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua. Huenda jina lake ni geni kwa wapenzi wa Kiswahili. Hata hivyo, mkulima wa majani chai wa Sosiot, Kericho, anayerejea kutoka hospitali kubwa akiwa na kichuma kidogo moyoni na vidonge mfukoni, ni mrithi wa kazi yake.

Grüntzig alizaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 25 Juni 1939. Baba yake hakurejea kutoka Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, naye akalelewa na mama. Alipokuwa kijana aliondoka Ujerumani Mashariki, akasomea udaktari Heidelberg na kuhitimu mwaka wa 1964. Mwaka wa 1969 alihamia Zürich, Uswisi. Wakati huo, Mmarekani Charles Dotter alikuwa amekwisha kupanua mishipa ya miguu kwa mirija migumu, mbinu iliyopuuzwa na wengi kwao. Grüntzig aliona kwamba mrija ungeweza kubeba puto dogo, likaingizwa likiwa limenywea kisha likajazwa penye ufinyu. Aliyaunda maputo hayo juu ya meza ya jikoni kwake, akisaidiwa na mkewe na msaidizi wake. Mwaka wa 1974 aliutibu mshipa wa mguu; tarehe 16 Septemba 1977 akauzibua mshipa wa moyo wa mwanamume wa miaka 38. Mshipa huo ulipopigwa picha tena baada ya miaka 10, ulikuwa bado wazi.

Sifa zilimfuata, lakini hazikumlevya. Alipochapisha taarifa ya wagonjwa wake 50 wa mwanzo, mwaka wa 1979, alieleza kuwa alifaulu kwa 32 tu. Alisisitiza kila mgonjwa aandikwe na kufuatiliwa, aliyepona na asiyepona. Mwaka wa 1980 alihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Tarehe 27 Oktoba 1985, ndege aliyoiendesha mwenyewe ilianguka katika jimbo la Georgia, akafa pamoja na mke wake wa pili. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Kutangulia si kufika. Takriban mshipa 1 kati ya 3 iliyopanuliwa kwa puto ulirudia ufinyu katika miezi michache. Mwaka wa 1986, Jacques Puel, Mfaransa, na Ulrich Sigwart huko Uswisi walianza kuacha ndani ya mshipa kichuma chenye umbo la wavu kiitwacho stenti. Kikaja na hatari yake: damu huweza kuganda juu ya chuma na kuuziba mshipa ghafla. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa aspirini pamoja na dawa ya pili, mathalani klopidogreli, zizuie chembe za damu kushikamana.

Muda wa kumeza dawa hizo mbili hutegemea stenti na mgonjwa. Stenti ya chuma kitupu, ambayo siku hizi hutumika kwa nadra, ilihitaji angalau mwezi 1. Stenti zilizopakwa dawa, zilizoanza kuenea mwaka wa 2002, hupunguza ufinyu, lakini dawa hiyo huchelewesha utando wa mshipa kukifunika chuma. Kwa kawaida huhitaji miezi 6, au miezi 12 ikiwa mgonjwa alipatwa na mshtuko wa moyo. Anayevuja damu kwa urahisi anaweza kufupishiwa muda. Huo ni uamuzi wa daktari wake. Baadaye wengi huendelea na dawa moja, aghalabu aspirini.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Mgonjwa asiyehisi maumivu huweza kudhani amepona na kuacha vidonge ili aokoe nauli na karo. Au akaambiwa aviache kabla ya kung'olewa jino bila daktari wa moyo kuulizwa. Kosa hilo huweza kumuua. Anahitaji kuelezwa, kwa maneno anayoyajua, aina ya stenti aliyowekewa, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kuacha dawa ya pili. Grüntzig aliuzibua mshipa kwa puto. Kuutunza ubaki wazi ni kazi ya vidonge, na vidonge humezwa na aliyeelewa kwa nini anavimeza.