Sir Robert Jones, Tabibu wa Mifupa

Robert Jones alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Rhyl, kaskazini mwa Wales. Alipofikia umri wa miaka 16 alikwenda Liverpool kukaa kwa mume wa shangazi yake, Daktari Hugh Owen Thomas, aliyetoka katika ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey. Babake Thomas alikuwa mganga wa jadi asiye na shahada, mfano wa waunga mifupa tunaowajua vijijini mwetu. Thomas aliichanganya elimu hiyo ya nyumbani na ile ya chuoni, akamfunza kijana kwamba mfupa uliovunjika huhitaji kunyooshwa, kufungwa gango imara na kupumzishwa muda mrefu.

Mwaka 1888, Jones akiwa daktari kamili, alikabidhiwa matibabu ya maelfu ya vibarua waliokuwa wakichimba mfereji wa meli wa Manchester. Kwa vibarua wale, mguu uliounga vibaya ulikuwa ndio mwisho wa kazi na mwanzo wa ufukara. Hospitali tatu zilijengwa kandokando ya mfereji, na majeruhi wakasafirishwa kwa reli.

Siku zile tabibu alitegemea macho na vidole vyake tu. Röntgen alipovumbua miale ya eksirei mwishoni mwa mwaka 1895, Jones hakuchelewa. Mwezi wa Februari 1896 alimpeleka kwa Profesa Oliver Lodge mtoto aliyekuwa na risasi ndani ya kifundo cha mkono, nayo picha ikaionyesha. Baadaye yeye mwenyewe aliumia mguu akicheza dansi. Aliupapasa asigundue kitu, lakini picha ilidhihirisha kwamba mfupa wa ubavuni mwa wayo, upande wa kidole cha mwisho, umevunjika. Alieleza habari hiyo mwaka 1902, na hata leo madaktari huuita mvunjiko huo kwa jina lake.

Hata hivyo, Jones hakuishia kwenye kuutambua mvunjiko. Pamoja na muuguzi Agnes Hunt wa Baschurch, alisimamia kliniki ndogondogo, ya kwanza ikiwa Oswestry mwaka 1907, ili mgonjwa aliyekwisha kutoka hospitali afuatiliwe karibu na kwao. Hapo kiungo kilitazamwa, kikashikwa, kikajaribiwa kutembea.

Ufuatiliaji huo ndio unaozungumzwa leo kuhusu eksirei. Katika wiki mbili za mwanzo picha ya marudio ina faida kubwa: uvimbe hupungua, plasta hulegea, mfupa huweza kuteleza, na kasoro ikionekana mapema hurekebishwa kabla mfupa haujaunga upande. Baada ya hapo mambo hubadilika. Utafiti uliofanywa Uholanzi, kwa watu wazima waliovunjika vifundo vya mikono na miguu, umeonyesha kwamba waliopigwa picha pale tu palipokuwa na sababu walipona sawasawa na waliopigwa kwa ratiba. Sababu zenyewe ni kama maumivu yasiyokoma, ganzi, au kiungo kukataa kukunjika. Tusidhani, lakini, kwamba mifupa yote ni sawa. Ule mfupa wa wayo aliouvunja Jones hupata damu kidogo, huchelewa kuunga, na daktari anayetaka kuutazama tena hapotezi filamu. Mgonjwa aliyetoka mbali kwa nauli ya kukopa ana haki ya kuuliza picha inatafuta nini.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Jones alipewa usimamizi wa matibabu ya mifupa jeshini, na gango la mjomba wake Thomas likaokoa askari wengi waliovunjika mapaja. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1917. Alifariki mwaka 1933 huko Llanfechain, Wales, na majivu yake yakahifadhiwa katika Kanisa Kuu la Liverpool. Hospitali ya Oswestry ingali inaitwa kwa jina lake na la Agnes Hunt.