Nabii Ezekieli na Vijiti Viwili



Jumamosi ya wiki ya tano ya Kwaresima, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, somo la kwanza la Misa hutoka sura ya 37 ya kitabu cha Nabii Ezekieli. Siku hiyo wengi wetu tunashughulika na matawi na mazoezi ya kwaya, na somo hutupita bila kutugusa. Ni somo la ahadi kubwa: watu wa Mungu waliogawanyika kuwa mataifa mawili watakuwa taifa moja, chini ya mchungaji mmoja. Mistari michache kabla ya hapo, nabii ameamriwa kuchukua vijiti viwili, kuandika jina la Yuda juu ya kimoja na jina la Yosefu juu ya kingine, kisha kuviunganisha mkononi mwake.

Katika makala hii tunapenda kumfahamu mtu aliyevishika vijiti hivyo. Ahadi ile ilipitia kwanza katika maisha yake mwenyewe, na maisha hayo yalikuwa na machungu mengi.

Nyumba iliyopasuka

Mfalme Solomoni alifariki karibu mwaka 931 K.K. Makabila ya kaskazini yalikutana Shekemu na mwanawe Rehoboamu, wakamwomba awapunguzie mzigo wa kazi waliobebeshwa na baba yake. Rehoboamu aliyapuuza mashauri ya wazee, akawafuata vijana wenzake, akajibu kwa ukali. Makabila kumi yakajitenga na kumtawaza Yeroboamu. Huyu, ili watu wake wasiendelee kwenda kuhiji Yerusalemu, akasimamisha ndama za dhahabu Betheli na Dani. Tangu hapo zikawa nyumba mbili: Israeli kaskazini, iliyoitwa pia Efraimu au Yosefu, na Yuda kusini, pamoja na Yerusalemu na ukoo wa Daudi. Mara nyingi ndugu hao walipigana vita.

Karibu mwaka 722 K.K. Waashuru waliuteka Samaria, mji mkuu wa kaskazini. Watu wengi walihamishwa hadi mbali, na wageni wakaletwa kukaa mahali pao. Kwa watu wengi wa Yuda, habari ya ndugu zao wa kaskazini iliishia hapo.

Kuhani asiye na hekalu

Ezekieli alizaliwa katika ufalme wa Yuda, takriban miaka mia moja baada ya Samaria kuanguka. Baba yake aliitwa Buzi, na familia yao ilikuwa ya kikuhani. Tunaweza kumwona kijana aliyelelewa akiitazamia siku atakapoanza kuhudumu katika Hekalu la Yerusalemu.

Siku hiyo haikufika. Mwaka 597 K.K. Nebukadneza aliiteka Yerusalemu, akamchukua Mfalme Yehoyakini pamoja na wakuu, mafundi na askari, akawapeleka Babeli. Ezekieli alikuwa miongoni mwao. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli vimemtaja Yehoyakini na wanawe watano wakipewa mgao wao wa mafuta: mfalme wa ukoo wa Daudi akilishwa na adui yake. Ezekieli naye alikaa Tel-Abibu, kando ya mfereji wa Kebari, alikokuwa na nyumba na mke.

Mwaka wa tano wa uhamisho, yaani 593 K.K., aliitwa kuwa nabii. Kitabu chake kinataja mwaka wa thelathini, na wafafanuzi wengi huuelewa kuwa ndio umri wake wakati huo. Kadiri ya kitabu cha Hesabu, huo ndio umri ambao Walawi waliingia katika huduma ya Hema la Mungu. Basi katika umri huo, akiwa mbali na Hekalu, aliona utukufu wa Bwana ukimjia juu ya kiti chenye magurudumu, katika nchi ya wapagani. Alipewa gombo lililojaa maombolezo, akalila, na mdomoni mwake likawa tamu kama asali.

Alibeba dhambi za nyumba zote mbili

Mojawapo ya ishara za kwanza alizoagizwa ilikuwa ngumu mno. Alipaswa kulala kwa ubavu wa kushoto siku 390 kwa ajili ya nyumba ya Israeli, kisha kwa ubavu wa kulia siku 40 kwa ajili ya nyumba ya Yuda, akiwa amefungwa kamba, akila mkate wa kupimwa na kunywa maji ya kupimwa. Mtu wa kusini angeweza kuridhika na siku 40 za watu wake. Lakini Ezekieli aliibeba kwanza dhambi ya ndugu waliokwisha kusahauliwa, na kwa siku nyingi zaidi.

Wala hakuwaruhusu watu wa Yuda kujivuna. Kwa mfano wa dada wawili, Ohola na Oholiba, alieleza kwamba Yerusalemu iliona adhabu ya dada yake Samaria, isijifunze kitu, ikatenda mabaya zaidi.

Yeye mwenyewe aliyajua maumivu ya kufutwa na ndugu. Waliobaki Yerusalemu walisema kuwa waliohamishwa wako mbali na Bwana, na kwamba nchi sasa ni mali yao. Hivyo nyumba ya Yuda nayo ilikuwa imepasuka ndani yake: waliobaki na waliochukuliwa. Mungu alimjibu nabii kwamba Yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwa wahamishwa huko walikotawanywa.

Kisha likaja pigo la nyumbani. Mke wake, aliyekuwa furaha ya macho yake, alifariki ghafla, na nabii akakatazwa kumlilia hadharani. Ilikuwa ishara: Yerusalemu na Hekalu vingepotea, na watu wangepigwa na bumbuwazi kiasi cha kushindwa hata kulia. Mji ulianguka mwaka 587 K.K. Mkimbizi alipofika Babeli na habari hizo, mdomo wa nabii, uliokuwa umefungwa, ukafunguliwa.

Mkono wa nani?

Tangu hapo mahubiri yake yalibadilika. Aliyekuwa ameonya sasa alifariji. Alitangaza kwamba Mungu mwenyewe atawachunga kondoo walioachwa na wachungaji wabaya, na kwamba atawapa watu wake moyo mpya. Aliona bonde la mifupa mikavu ikipata uhai. Ndipo likaja agizo la vijiti viwili.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza, vijiti vyote viwili viliandikwa majina. Kijiti cha Yosefu hakikuchongwa upya kiitwe Yuda. Nyumba iliyoonekana kupotea kwa zaidi ya karne moja iliitwa kwa jina lake, na nyumba zote mbili ziliahidiwa utakaso uleule na Daudi mmoja.

La pili, nabii aliviunganisha vijiti mkononi mwake, lakini alipotakiwa kueleza maana yake, alisema kuwa vitakuwa kimoja mkononi mwa Mungu. Kazi ya nabii ilikuwa kuvishika pamoja mbele ya macho ya watu. Kuvifanya kitu kimoja ni kazi ya Bwana.

Mwaka 573 K.K. alipewa maono ya Hekalu jipya, ambamo maji yalitoka na kuponya nchi. Katika ugawaji wa nchi, kila kabila lilipata fungu lake. Yuda ilipangwa kaskazini mwa eneo takatifu, huku Isakari na Zabuloni, makabila ya kaskazini, yakipangwa kusini, kana kwamba mpaka wa zamani haukuwahi kuwapo. Hata wageni waliokaa kati yao na kuzaa watoto walipewa urithi. Unabii wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 571 K.K. Maandiko hayasimulii kifo chake, lakini huko Al-Kifl nchini Irak kuna kaburi ambalo mapokeo yanasema ni lake, na ambalo Wayahudi na Waislamu wameliheshimu kwa karne nyingi.

Kisimani kwa Yakobo

Waliorudi kutoka Babeli baada ya mwaka 538 K.K. walikuwa hasa watu wa Yuda, Benyamini na Lawi. Mara wakagombana na watu wa Samaria juu ya kulijenga Hekalu. Vijiti vilikuwa bado viwili.

Ndipo tunapomwona Bwana wetu Yesu Kristo, wa ukoo wa Daudi, akichagua Mitume kumi na wawili kwa hesabu ya makabila yote, kisha akiketi amechoka kisimani Sikari, karibu na shamba ambalo Yakobo alimpa Yosefu. Hapo si mbali na Shekemu, mahali ambapo nyumba ilipasuka. Mwana wa Daudi alirudi palepale alipokosea Rehoboamu, na badala ya kumtwisha mwanamke Msamaria mzigo, alimwomba maji. Siku ile ya Jumamosi, Injili inayosomwa baada ya somo la Ezekieli inasema kuwa Yesu atakufa ili awakusanye pamoja wana wa Mungu waliotawanyika.

Majina tunayoyafuta

Mwaka 2009, Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo lilitumia kichwa kilichotokana na vijiti hivi viwili. Maandalizi yake yalifanywa na Wakristo wa Korea, nchi iliyogawanyika, nao waliyasoma maneno ya nabii kama watu wanaojua wanachokiomba.

Nasi tunajua. Tunaosoma falsafa tunafundishwa kupambanua hoja ya kweli na hoja ya uongo, na ni kazi njema. Lakini ni rahisi kushinda hoja na kumpoteza ndugu. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, mtu akihamia dhehebu lingine, au akigombana na wenzake akaacha kusali, jina lake huondolewa kwenye daftari. Baada ya muda hatumtaji tena, na akifiwa tunasita kwenda.

Ezekieli hakuweza kuirudisha Samaria. Hakujua hata watu wake walikuwa wapi. Aliloweza ni kuandika jina lao juu ya kijiti na kukishika pamoja na cha kwao, hadharani. Kwaresima ijayo, somo hilo litakaposomwa, kila mmoja wetu ajiulize ni jina la nani ambalo hatujalitaja katika sala kwa muda mrefu. Tuanze na hilo, na mengine tuyaache mkononi mwa Mungu.