Ansel Adams: Mtu Aliyekikosoa Kipimo

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Chenyewe hudhani kila kitu ni kijivu cha kati. Msimamishe mhitimu mweusi wa joho jeusi mbele ya ukuta mweupe: kamera inashughulika na ukuta, uso unapotea gizani. Halafu tunailaumu ngozi! Nilielewa kosa liko wapi niliposoma maisha ya Ansel Adams, Mmarekani.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1902. Tetemeko la mwaka 1906 lilimwangusha, akavunjika pua, ikabaki imepinda maisha yake yote. Shule zilimshinda, baba yake akamtoa asomeshwe nyumbani. Akazama kwenye piano, akitaka iwe ndo kazi yake. Lakini mwaka 1916, akiwa na miaka 14, familia ilitembelea bonde la Yosemite, na wazazi wakampa kamera ndogo ya Kodak. Milima ikamteka.

Karibu na mwaka 1940, akifundisha Los Angeles, yeye na Fred Archer walitunga Mfumo wa Kanda: kanda 11, kuanzia 0, nyeusi tii, hadi 10, nyeupe pe. Ukifuata kipima mwanga, chochote unachokipima kitaangukia kanda ya 5. Kila kanda unayopanda ni mwanga mara mbili. Basi ukipima theluji, ongeza mwanga mara nne ifike kanda ya 7. Ukipima joho jeusi, punguza hadi robo, lishuke kanda ya 3. Yaani mashine inapima, mtu anaamua.

Tarehe 1 Novemba 1941 alipita Hernandez, New Mexico. Mwezi umechomoza, jua linazama, misalaba ya makaburini inang'aa. Kipima mwanga hakionekani! Akakumbuka mwangaza wa mwezi, kandela 250 kwa futi ya mraba, akauweka kanda ya 7, akapiga: f/32, sekunde 1. Kabla hajapiga ya pili, jua lilishaiacha misalaba. Picha hiyo moja ndiyo iliyomtangaza kuliko zote.

Alifariki mwaka 1984. Mimi nasomea ualimu, na kesho nitashika kalamu ya kusahihisha. Mtoto aliyeshindwa na shule ndiye aliyetufundisha kwamba wastani ni mahali pa kuanzia tu. Kabla ya kuuamini, mtazame kwanza aliye mbele yako.