Maisha ya John Curwen, Mwalimu wa Mapigo ya Wimbo

Wako wengi miongoni mwetu waimbao kwa kusoma herufi d, r, m, f, s, l, t. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyezieneza herufi hizo. Hakuwa fundi wa muziki. Alikuwa mchungaji, tena mwimbaji dhaifu.

John Curwen alizaliwa Heckmondwike, katika nchi ya Uingereza, tarehe 14 Novemba 1816. Baba yake naye alikuwa mchungaji. Mwaka 1838 akaanza kazi katika mji wa Basingstoke, akapenda sana kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Akaona ya kuwa watoto hufurahi wakiimba, lakini hakuweza kuwaongoza, kwa maana alama za muziki zilizoandikwa juu ya mistari mitano zilimshinda. Hata akapata kitabu cha Bibi Sarah Glover wa Norwich, kilichotolewa mwaka 1835. Bibi huyo aliwafundisha watoto kuimba kwa herufi. Curwen akakisoma kwa bidii, na baada ya muda si mrefu akaweza kuutambua wimbo mwenyewe, pasipo msaada.

Mwaka 1841 waalimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull, wakamtwika mzigo wa kutafuta njia rahisi ya kufundisha watu kuimba. Akaupokea. Akazitengeneza herufi za Bibi Glover, akabadili mengine na kuongeza mengine. Kanuni yake ilikuwa hii: mwanafunzi alijue jambo lenyewe kwanza, ndipo aonyeshwe alama yake.

Kanuni hiyo yafaa hasa katika mapigo. Mwenye kuanza aweza kuipata sauti ya juu na ya chini, kisha akapotea kwa sababu hajui sauti ikae muda gani. Curwen aliazima njia ya Mfaransa Aimé Paris, aliyeyapa mapigo majina ya kutamkwa. Pigo moja huitwa taa. Likigawanyika mara mbili, taatai. Likigawanyika mara nne, tafatefe. Pigo la kunyamaza huitwa saa. Kwetu maneno haya ni taa iwakayo na saa ihesabuyo muda, lakini kwake yalikuwa sauti tu za kuzoeza kinywa. Baada ya kinywa kuzoea, alama zikafuata: mstari wa wima mbele ya pigo zito, nukta mbili mbele ya pigo jepesi, na kistari mahali sauti inapoendelea. Tena zilipigwa chapa kwa herufi za kawaida, hata vitabu vikawa vya bei ndogo.

Jambo hili la mwili kutangulia alama si geni katika nchi yetu. Tazameni Wamasai wa Olbalbal, chini ya milima ya Ngorongoro, jinsi wanavyoimba pasipo ngoma. Kiongozi, aitwaye olaranyani, huanza. Wenzake humwitikia kwa sauti nzito za kifuani, na pumzi zao ndizo zipigazo mapigo. Morani huruka na kutua kwa kipimo, na shanga za wanawake huchezacheza mabegani kwa kipimo kile kile. Mtoto asimamaye kando huyapata mapigo hayo mwilini kabla hajajua kuhesabu. Lakini mtoto huyo akiwekwa mbele ya karatasi ya kwaya na kuamriwa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, aweza kupotea na kujidhania hana kipawa. Kumbe kipimo anacho. Bado kujua alama ipi ni ya pigo lipi. Na apige mapigo kwa mkono, atamke taa na taatai, anyamaze kwa hesabu penye saa, kwa maana hapo ndipo wanaoanza hukimbilia mbele. Mwisho apewe karatasi.

Waalimu wengi wa muziki walizidharau herufi za Curwen, lakini hakuchoka. Mwaka 1853 chama cha waimbaji wa njia hiyo kikaanzishwa, na mwaka 1857 watoto wapatao 3,000 wakaimba pamoja katika Crystal Palace, London. Mwaka 1864 akaacha uchungaji wa usharika, apate kuishika kazi hiyo moja. Akafa tarehe 26 Mei 1880.

Wamisionari walizichukua herufi zake hata Madagaska na Afrika Kusini. Huko Enoch Sontonga alitunga mwaka 1897 wimbo wake, akauandika kwa herufi hizo. Na sauti yake ndiyo tuiimbayo katika wimbo wa taifa la Tanzania.

Basi, ndugu waalimu na viongozi wa kwaya, akija kwenu mtu akosaye mapigo, msimwondoe upesi katika safu. Yamkini yeye ni kama Curwen kule Basingstoke, asiyekosa masikio wala moyo, ila amekosa mwalimu wa kumwanzisha mahali pake.