Mussolini na Roshani ya Roma

Benito Mussolini alizaliwa tarehe 29 Julai, 1883, huko Predappio, Italia. Babake alikuwa mhunzi, mamake mwalimu. Yeye naye alisomesha kwa muda, kisha akashika kalamu, na mwaka 1912 akawa mhariri wa gazeti la chama cha Kisoshalisti. Chama kilimfukuza mwaka 1914 alipotaka Italia iingie vitani, naye akaanzisha gazeti lake mwenyewe. Mimi niliyekula chumvi ya magazeti naona haya kumwita mwenzetu wa kazi, lakini ndivyo alivyokuwa.

Mwaka 1919 aliunda kundi la Mafashisti mjini Milan. Wafuasi wake, wenye mashati meusi, waliwatwanga wapinzani kwa marungu. Oktoba 1922 mfalme akamkabidhi serikali, na kufikia mwisho wa 1926 vyama vingine vilikwisha pigwa marufuku na magazeti kutiwa kufuli.

Sasa, msomaji mpenzi, lanihuzunisha zaidi hili: ufundi wa mikutano aliuchukua kwa mshairi. Gabriele D'Annunzio alipouteka mji wa Fiume mwaka 1919, alikuwa akisimama roshani na kuuliza, na umati chini ukajibu kwa sauti moja, mfano wa manju na waitikiaji wake. Mussolini akaichukua ngoma hiyo nzima.

Tangu 1929 ofisi yake ilikuwa Palazzo Venezia, Roma, yenye roshani inayoelekea uwanjani. Tarehe 2 Oktoba, 1935, kengele na ving'ora vililia nchi nzima, watu wakajaa viwanjani, na vipaza sauti vikawaletea hotuba yake ya vita dhidi ya Uhabeshi. Kesho yake majeshi yakavuka mpaka. Desemba wanawake wakatoa hadharani pete zao za ndoa kugharimia vita. Tarehe 5 Mei, 1936, alipotangaza ushindi, uwanja ulitetemeka kwa shangwe. Wahabeshi waliouawa kwa hewa ya sumu hawakutajwa pale roshanini.

Basi hadaa ikamrudia mwenyewe. Aliyewanyamazisha waandishi hakubakiwa na wa kumwambia kweli, na makelele ya uwanjani akayadhania kuwa ni nguvu za jeshi. Tarehe 10 Juni, 1940, kutoka roshani ile ile, alitangaza vita na Uingereza na Ufaransa, hali jeshi lake halikuwa tayari. Askari waliotoka Kenya, wakiwamo vijana wetu wa KAR, waliingia Mogadishu Februari 1941. Tarehe 5 Mei Haile Selassie akarejea Addis Ababa, miaka 5 kamili tangu Waitalia walipouteka mji huo.

Julai 1943 mfalme alimwuzulu na kumtia mbaroni. Wale maelfu wa uwanjani hawakuja kumwokoa. Wengi walitoka mabarabarani wakifurahi. Tarehe 28 Aprili, 1945, wapiganaji wa msituni wakampiga risasi. Kesho yake maiti yake ilining'inizwa Milan, kichwa chini, mbele ya umati uliokuja kuitemea mate.

Nami nimewahi kughani mbele ya halaiki, naujua utamu wa kuitikiwa. Lakini mwitikiaji huitika kwa kuwa ngoma inalia. Ikinyamaza, kila mtu hushika njia ya kwao.