Bwana Aliyesoma Vigae

Kila nizurupo magofu ya Gedi humkumbuka marehemu Sir Mortimer Wheeler.

Bwana huyu alizaliwa Glasgow mwaka 1890. Toka 1944 hadi 1948 aliongoza idara ya mambo ya kale ya India. Huko Arikamedu, mwaka 1945, alitumia vyombo vya Kirumi kujua umri wa bandari ya kale. Kwani chombo cha kigeni chenye tarehe ijulikanayo hueleza umri wa tabaka la udongo kilimolala.

Mwaka 1952 BBC ilianza kipindi cha televisheni, Animal, Vegetable, Mineral?, ambamo wataalamu watatu walipewa kitu cha makumbusho wakitambue. Wheeler na masharubu yake alipendwa mno, hata mwaka 1954 akachaguliwa mtu mashuhuri wa televisheni Uingereza.

Mwaka 1955 alizuru pwani ya Tanganyika. Kwa wingi wa kaure ya Kichina aliyoiona, aliona kuwa hiyo ndiyo iliyoandika historia ya huko.

Hapo mimi simfuati. Kigae hutoa tarehe, lakini hakimtaji mwenye nyumba. Wheeler alifariki 1976. Katika miaka ya 1980 wachimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8. Wazee wetu waliswali pale.

Hata hivyo somo lake nalishika. Ndugu msomaji, ukiona kigae magofuni, kiache. Kikiondolewa mahali pake, hakisemi tena.