George Washington: Rais aliyeapishwa akiwa na jino moja

YEYOTE aliyewahi kuishika noti ya dola moja ya Marekani ameutazama uso wa George Washington, na huenda akajiuliza ni kwa nini rais huyo wa kwanza wa taifa hilo ameifumba midomo kana kwamba anazuia kitu kisimtoke. Sura hiyo ilitokana na picha aliyoichora Gilbert Stuart mnamo 1796. Kilichokuwa kikizuiwa ni meno bandia, ya juu na ya chini, yaliyounganishwa kwa springi zilizoyasukuma yaachane kila mara mwenyewe alipolegeza taya.

Washington alizaliwa Februari 22, 1732 katika Virginia, iliyokuwa koloni la Uingereza wakati huo. Alipokuwa na umri wa miaka 11 babake alifariki, hivyo hakupata fursa ya kwenda kusoma ng'ambo kama kaka zake wakubwa. Alijifunza kazi ya kupima ardhi, akapata ndui akiwa kisiwani Barbados mnamo 1751, kisha akaingia jeshini. Mnamo 1759 alimwoa Martha Custis, mjane tajiri, na kuanzia hapo akawa miongoni mwa wenye mashamba na watumwa wengi katika eneo hilo.

Alikuwa mtu wa kimo cha kutisha, hodari wa kupanda farasi. Udhaifu wake ulikuwa kinywani. Akiwa na umri wa miaka 24, mnamo 1756, alimlipa daktari shilingi tano amng'oe jino. Tangu hapo shajara na barua zake zimejaa habari za meno yanayouma, fizi zilizovimba na meno yaliyong'olewa.

Si kwamba alikuwa mzembe. Hesabu za nyumba yake zinaonyesha alinunua miswaki, unga wa kusafishia meno na dawa ya manemane ya kusukutulia. Wapo watafiti wanaoshuku kwamba dawa zenye zebaki, ambazo matabibu wa enzi hiyo waliwapa wagonjwa bila kusita, zilichangia kuyalegeza meno yake. Iwe ni zebaki, iwe ni sukari au maumbile, alifika katika vita vya uhuru akiwa na mapengo yaliyozibwa kwa meno bandia, yaliyofungwa kwa waya kwenye meno machache yaliyosalia.

Kazi hiyo ya waya aliifanya John Baker, daktari wa meno. Mwishoni mwa Mei 1781, Washington akiwa na jeshi lake karibu na mto Hudson, alimwandikia Baker akiomba koleo ndogo ya kukazia waya hizo na vifaa vya kukwangulia meno, akieleza kwamba hakutarajia kufika Philadelphia hivi karibuni. Barua hiyo ilinaswa na Waingereza na kufikishwa kwa Jenerali Henry Clinton, aliyekuwa ameshikilia jiji la New York.

Miezi michache baadaye jeshi la Washington na washirika wake Wafaransa liliondoka kimyakimya, likapitia Philadelphia na kuelekea Virginia, ambako Jenerali Cornwallis alisalimu amri mjini Yorktown mnamo Oktoba 19. Wapo wanahistoria wanaosema barua ile ya meno ilimtuliza Clinton na kumfanya aamini kwamba adui hangetoka pale alipokuwa. Pengine hapo wanatia chumvi kidogo, maana Clinton alikuwa na sababu nyingine nyingi za kuihofia New York. Lisilo na shaka ni fedheha ya kamanda mkuu ambaye siri ya kinywa chake ilisomwa na maadui.

Na ilikuwa siri kwelikweli. Siku ya Krismasi ya 1782, aliandika nyumbani kwake Mount Vernon akimwagiza Lund Washington, jamaa yake aliyesimamia shamba, afungue droo ya dawati, atafute meno mawili madogo ya mbele yaliyokuwa yamehifadhiwa humo, na kumtumia kambini. Washington hakutupa jino. Kila lililong'oka aliliweka, akitumaini fundi mwingine angepata namna ya kulirudisha mahali pake.

Fundi huyo alionekana kuwa Mfaransa Jean-Pierre Le Mayeur. Huyu aliwahi kuwatibu maafisa wa Uingereza jijini New York kabla ya kuhamia upande wa Wamarekani. Sifa yake kubwa ilikuwa kupandikiza meno: alilitoa jino zima katika kinywa cha mtu mwenye dhiki na kulichomeka katika shimo lililoachwa na jino bovu la tajiri. Katika matangazo yake gazetini aliahidi gini mbili kwa kila jino la mbele, yaani shilingi 42. Katika tangazo moja huko Virginia alieleza wazi kwamba toleo hilo halikuwahusu watumwa.

Mei 1784, katika daftari la hesabu la Mount Vernon, Lund aliandika malipo ya pauni sita na shilingi mbili kwa watu weusi, kwa ajili ya meno tisa, kwa hesabu ya yule daktari Mfaransa. Kwa hesabu ya juujuu hizo ni kama shilingi 13 na nusu kwa jino, chini ya thuluthi ya bei aliyotangaziwa mtu huru. Daftari halikutaja majina ya waliotoa meno hayo, wala kama waliulizwa, wala halikusema yaliishia katika kinywa cha nani. Msomaji asidanganywe na neno malipo. Mtu anayemilikiwa na mwingine, mwili na kazi yake, hana nafasi ya kukataa bei.

Ilipofika Aprili 30, 1789, alipoapishwa kuwa Rais jijini New York, Washington alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili, gego dogo upande wa kushoto wa taya la chini. Meno mengine yote yalikuwa kazi ya John Greenwood, kijana aliyekuwa mpiga filimbi katika jeshi la mapinduzi na ambaye sasa alikuwa daktari wa meno. Greenwood ndiye anayekumbukwa kwa kuligeuza gurudumu la kusokotea nyuzi, linaloendeshwa kwa mguu, kuwa mashine ya kutobolea meno.

Greenwood alichonga kiunzi cha meno hayo kutokana na jino la kiboko, akapachika humo meno ya binadamu, akatumia skrubu na springi za dhahabu. Aliacha tundu ambamo lile jino moja lililosalia lilipita, likawa kigingi cha kushikilia mzigo wote. Kiboko ni mnyama wa bara la Afrika pekee. Kwa hivyo, Rais wa kwanza wa Marekani alikula kiapo chake akiwa na kipande cha Afrika kinywani.

Simulizi kwamba meno yake yalikuwa ya mbao, ambayo vizazi vya watoto wa Marekani vimefundishwa, haina msingi. Hakuna seti yake hata moja iliyokuwa na mbao. Huenda waliozitazama baadaye walidanganywa na mistari ya jino la kiboko lililozeeka na kubadilika rangi.

Uchaguzi wa kitu cha kutengenezea meno haukuwa jambo dogo. Jino la kiboko, kama pembe ya ndovu, lina vinyweleo. Likikaa kinywani hunyonya mate na vinywaji, hubadilika rangi, huoza na kunuka. Kero hiyo ndiyo iliyomsukuma muuza dawa Mfaransa Alexis Duchâteau, katika miaka ya 1770, kutafuta meno ya kauri, kwa kuwa seti yake ya jino la kiboko ilikuwa imenywea harufu za dawa zote alizoonja kazini. Daktari wa meno Nicolas Dubois de Chémant aliiendeleza kazi hiyo, akapewa hataza na Mfalme Louis XVI, kisha mapinduzi ya Ufaransa yakamfanya ahamie London.

Yaani wakati Washington anakula kiapo, meno yasiyooza wala kunuka yalikuwa tayari yametengenezwa Paris. Hata hivyo, hayakuwa kamili. Kauri hunywea inapochomwa tanuuni, hivyo seti nzima ya kipande kimoja mara nyingi ilitoka ikiwa haikai sawa kwenye ufizi, na ilivunjika upesi. Meno ya kauri ya mojamoja yalitengenezwa na Mwitaliano Giuseppangelo Fonzi mnamo 1808, na Marekani iliyapokea mnamo 1817 kupitia Antoine Plantou. Mwishoni mwa karne hiyo ndipo Charles Land wa Detroit alipobuni kofia nyembamba ya kauri ya kulivisha jino lililoharibika ili lising'olewe.

Mgonjwa wa leo huulizwa achague kati ya kofia ya kauri tupu, ya kauri iliyofunika chuma, au ya zirkonia ambayo ni ngumu zaidi, na pengo lake laweza kuzibwa kwa jino lililokitwa katika mfupa kwa skrubu ya titani. Washington, kwa uwezo wake wote, hakuwa na la kuchagua ila jino la mnyama au jino la mtu mwingine.

Alitawala kwa mihula miwili, akiwa mwenye maneno machache hadharani. Hotuba yake ya kuapishwa mara ya pili, mnamo 1793, ilikuwa na maneno 135 pekee na hadi leo hakuna rais wa nchi hiyo aliyetoa iliyo fupi zaidi. Hakuwa msemaji hata ujanani, hivyo haitakuwa haki kuyabebesha meno lawama yote.

Mnamo 1796 jino la mwisho lilitoka. Greenwood aliomba alihifadhi, akaruhusiwa, na akalitia katika kikasha kidogo chenye kioo alichokining'iniza kwenye mnyororo wa saa yake.

Baada ya kustaafu mnamo 1797 Washington alirejea Mount Vernon, lakini mawasiliano na Greenwood hayakukatika. Desemba 1798 alilalamika kwamba meno yanaisukuma midomo yake nje na kuifanya ionekane imevimba. Greenwood alipoipokea seti aliyotumiwa aliikuta imekuwa nyeusi, akasema chanzo ni divai ya Port, ambayo uchachu wake huondoa ung'avu wa jino la kiboko. Alimshauri Rais huyo mstaafu ayavue meno baada ya chakula na kuyaweka ndani ya maji safi.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 14, 1799, Washington aliaga dunia kutokana na maradhi ya koo yaliyomshika ghafla, huku madaktari wakimtoa damu mara kwa mara kwa kuamini ndiyo tiba. Alikuwa na umri wa miaka 67.

Watu 317 walikuwa watumwa Mount Vernon mwaka huo, na 123 kati yao walikuwa mali yake mwenyewe. Wosia wake uliagiza wale 123 waachiliwe baada ya kifo cha mkewe, ila William Lee, mtumishi aliyekuwa naye vitani, ambaye alipewa uhuru mara moja pamoja na dola 30 kila mwaka. Martha hakungoja kufa. Aliwaachilia Januari 1, 1801. Wengine waliomilikiwa na jamaa za mume wake wa kwanza walibaki utumwani.

Seti moja kamili ya meno ya Washington ingali Mount Vernon, ambako wageni huonyeshwa. Ina kitako cha madini ya risasi, springi za chuma, na meno ya wanyama yaliyopangwa pamoja na meno ya binadamu.